Mikono Miwili ya Kushoto

Shahada ya saikolojia ina masharti mengi kuliko ya mganga, na Fundi alikuwa akiyajua karibu yote, maana kwa miaka mitatu alikuwa akilishwa hayo mezani kabla ya chai na baada ya chai. Binti yake, kitindamimba wake, aliingia chuo akidhani anakwenda kusoma siri za mioyo ya watu, akakutana na takwimu. Akalia nazo muhula mzima, akazivuka. Zikaja mbinu za utafiti, ukaja ubongo na mishipa yake, zikaja saa za mazoezi kituoni, saa za kukaa maabara kujibu maswali ya wanafunzi wenzake, na mwisho ikaja tasnifu, ambayo Fundi aliichukia bila kuisoma kwa jinsi ilivyomkondesha mtoto.

"Mganga angekuagiza kuku mweupe tu, mambo yakaisha," alikuwa akimtania.

"Kuku mweupe hatoi cheti, mama."

Kwa hiyo siku kitindamimba alipokuja na sharti jingine, Fundi hakuwa na sababu ya kushtuka. Alishtuka. Alikuwa kwenye cherehani yake chumba cha mbele, mguu kwenye kanyagio, sare za shule zimemzunguka pande zote, binti akasimama mlangoni akiwa ameshika mkoba kifuani.

"Mama, nimebakiza kitu kidogo cha chuo. Natakiwa kumpima kumbukumbu mtu mzima mmoja. Namsomea maneno, anayarudia, basi. Nimeona nikupime wewe."

"Kwani watu wazima wameisha mtaani?"

"Wewe uko karibu."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu unataka kuzipima urefu?"

Binti alicheka, lakini alicheka kifupi. Fundi alikuwa anakijua kicheko cha mtoto huyo tangu hakina meno, na hicho hakikuwa chenyewe. Machale yakamcheza.

Tatizo lilikuwa pasi. Siku chache kabla ya hapo Fundi aliiacha inawaka juu ya koti la mteja, akatoka kwenda kununua vifungo, akakaa huko kuongea. Aliporudi alikuta majirani wamemwaga maji chumba kizima, meza imetoboka, koti limebaki kola. Yeye akasema umeme ulikuwa umekatika, akaisahau kwenye soketi, ndipo umeme ukarudi. Majirani wakakubali, kwani nani hajawahi kukatikiwa umeme? Lakini mwanawe mkubwa, kifunguamimba, alipokuja jioni na kunusa ule moshi, hakusema lolote juu ya umeme. Aliizunguka meza, akalitazama lile tobo, akamtazama mama yake.

"Mwisho wa mwezi nakuja na pikapu," akasema. "Utahamia kwangu, mama. Siwezi kulala nikifikiria hii nyumba."

"Na cherehani?"

"Tunakaa ghorofani. Unajua majirani wa chini wanavyolalamikia kelele."

Basi. Hakuwa mtoto mbaya kifunguamimba, alikuwa mtoto mwenye hofu, na mtu mwenye hofu hasikii. Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani: kubaki katika nyumba ile akiwa na cherehani ile. Kwa ile cherehani alizika mume, akasomesha watoto wawili, na asubuhi akiamka na moyo mzito, ni mlio wake ndio uliokuwa ukimpa nguvu. Ukimtoa hapo ukamkalisha kwenye sofa ya ghorofani, ndiyo umemmaliza.

Siku ile kitindamimba ndiye aliyemtuliza kaka yake. "Subiri kwanza, kaka," alisema. "Usikate shauri leo." Fundi alimbariki kimoyomoyo. Sasa, kwa kusikia habari za kipimo, akaanza kujiuliza: subiri nini? Subiri nimpime? Akajumlisha pasi, akajumlisha pikapu, akajumlisha na kile kicheko kifupi, na jumla haikumpendeza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nani ajuaye habari za nguo kumshinda yeye?

"Nipime," akasema, akigeukia mshono. "Lakini nipe siku mbili tatu. Nina sare za watu."

Hakuwa na haraka ya sare. Alikuwa na jambo lake jingine, ambalo hata majirani hawakulijua. Chini kabisa ya rundo la vitambaa, nyuma ya cherehani, kulikuwa na shati jeupe alilolikata mwenyewe kwa mkono wake, na mikono yake yote miwili ilikuwa ya kushoto. Aliishona yote. Alifika hadi kifungo cha mwisho bila kuona, akalinyanyua kulikunja, ndipo lilipomshangaza. Kwa umri wote aliokaa kwenye ufundi hakuwahi kufanya kosa ambalo hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza hulionea aibu. Alilificha, akamkatia mteja jingine, akamwambia kitambaa kilichelewa. Usiku hakulala.

Jioni ya siku ile alipoombwa kupimwa, baada ya kula, kitindamimba aliingia chumbani kwake, na Fundi akasikia sauti kupitia ukuta wa mbao. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Nitakusomea maneno kumi na mawili," ilisema ile sauti, ya adabu, ya kiofisi. "Nikimaliza, utayarudia yote unayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote. Ngazi. Chumvi. Sungura. Daraja."

Fundi akaacha alichokuwa anafanya. Mlango wa binti ulikuwa wazi kidogo, na maneno yalikuwa yanatoka kama yamealikwa. Kiatu. Asali. Mvua. Ndoo. Taa. Jembe. Shanga. Kuni. Kimya. Kisha kutoka mwanzo: nitakusomea maneno kumi na mawili.

Ahaa, akasema Fundi moyoni. Mnanitegea mtego, halafu mnautega mbele ya macho yangu?

Akavuta kiti hadi ukutani. Akaanza kujifunza kwa namna alivyojifunza vipimo vya wateja maisha yake yote, maana Fundi hakuwahi kuandika kipimo hata kimoja, na hilo lilikuwa jeuri yake. Alimvalisha mtu. Ngazi akaiweka shingoni, chumvi begani, sungura akamlaza kifuani, daraja tumboni. Kiatu akakibandika kiwikoni, palipokuwa na kiraka. Akashuka hivyo hivyo, kiuno, nyonga, goti, hadi kuni akazikunja kwenye upindo wa suruali. Siku ya kwanza mtu wake alibaki nusu uchi. Siku ya pili alivaa mpaka magotini. Kitindamimba alirudia kila jioni, pole pole, kwa sauti ya kutosha, na Fundi alirudia upande wake wa ukuta akitingisha midomo, mpaka akiamka asubuhi lile jitu lilikuwa limesimama mbele ya kitanda, limevaa maneno yote kumi na mawili.

"Leo nipo tayari," akasema.

Walikaa meza ya chakula. Binti alisoma maneno. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna ndiyo wala hapana, na ule ukavu ulimchukiza Fundi kuliko kipimo chenyewe. Mtoto niliyemfuta makamasi, leo ananitazama kama karani wa benki! Lakini akajizuia. Akayataja maneno, na kwa kuwa si mjinga, hakuyatiririsha. Kwenye asali akajikuna kichwa. Kwenye shanga akasema, "Ngoja kwanza, lipo, lipo," akalileta. Wakafanya mambo mengine ya kuchora saa na kuhesabu kinyumenyume, kisha baadaye akaulizwa tena yale maneno, na lile jitu lilikuwa bado limesimama pale pale na nguo zake zote.

"Asante, mama," alisema kitindamimba, akikusanya vifaa.

"Nimepata ngapi?"

"Haturuhusiwi kumwambia mtu alama zake. Ni sharti."

"Masharti, masharti," alisema Fundi. Lakini moyoni alikuwa anacheza.

Jumapili kifunguamimba alipokuja, hakukalia kiti. Kitindamimba akamvuta uani, na Fundi, ambaye siku hizo alikuwa hodari wa kutega sikio, alisimama jikoni na sufuria mkononi akasikia yote.

"Nimempima, kaka. Kwa kipimo kizima cha chuo. Kumbukumbu ya mama inawashinda wengi wa umri wake."

"Una hakika?"

"Wewe ulikataa kumpeleka hospitali kwa kuogopa majibu. Haya, majibu ndiyo hayo. Mwache na cherehani yake."

Kisha kifunguamimba akavuta pumzi kwa nguvu na kusema, "Basi sawa." Alipoingia ndani alimkumbatia mama yake bila sababu, akaomba chai, akacheka mara mbili. Ile pikapu haikutajwa tena.

Fundi alikuwa ameshinda, na furaha yake ilidumu mpaka alipokwenda kuosha vikombe. Hapo machale yakaanza upya. Sharti si lilisema mtu haambiwi alama zake? Kama yeye mwenyewe haruhusiwi kuzijua, kaka ameruhusiwa na nani? Alikisugua kikombe kimoja mpaka karibu kifutike maua. Akajiambia aache, mtu akipewa ng'ombe hahesabu meno. Lakini mwenye kudanganya hujua harufu ya uongo, na Fundi alikuwa anainusa mahali fulani ndani ya nyumba yake.

Siku aliyopata jibu, kitindamimba alikuwa amekwenda chuoni kupeleka masahihisho ya tasnifu. Mlango ukabishwa hodi. Alikuwa msichana mrefu, mwenye miwani mikubwa iliyokuwa ikimteleza puani na kusukumwa juu kila baada ya maneno mawili. Alisoma darasa moja na binti, na chuo kizima walimwita Miwani, naye aliitika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio hayupo."

"Nilijua bahati yangu itakuwa hivyo." Miwani akaketi kwenye ukingo wa kiti, akamweleza shida yake. Alikuwa amebakiza sharti la kumpima mtu mzima kumbukumbu. Mtu wake wa kujitolea alikuwa amesafiri bila kuaga, kesho ni siku ya mwisho ya kukabidhi, na bila ripoti hiyo hahitimu. Alikuja kumwomba mwenzake amtafutie mtu mtaani.

"Si umpime mama yako?" akauliza Fundi.

"Haturuhusiwi, mama! Ndugu haruhusiwi kabisa. Mwaka jana kuna mwenzetu alimpima shangazi yake, wakagundua, wakamfutia na kumrudisha mwaka mzima. Ndugu ukimpima unampendelea hata bila kujua."

Fundi aliitoa sindano mdomoni, akaichoma taratibu kwenye kimto cha kuchomea sindano.

"Kwani binti yangu yeye alimpima nani?"

"Mama yangu mdogo," akasema Miwani bila wasiwasi. "Zamani hizo, mwanzoni mwa muhula. Yeye alishamaliza masharti yote, anahangaika na tasnifu tu. Ana akili yule, wote tunamwonea wivu."

Mwanzoni mwa muhula. Kabla ya moshi, kabla ya meza kutoboka. Kumbe kipimo kile hakikuwa cha chuo. Kilikuwa cha nani, basi, na cha nini? Kama walikuwa wanamtafutia sababu ya kumhamisha, mbona majibu yalimwokoa? Alitazama mkoba wa yule msichana. Hakujua anatafuta nini humo, ila alijua kwamba hatalala mpaka akione.

"Nipime mimi," akasema. "Mimi si ndugu yako."

Miwani nusura ambusu. Alisogeza rundo la sare, akafuta meza kwa kiganja, kisha akaenda kufunga mlango wa mbele, akafunga na dirisha lililokuwa linaangalia ua.

"Joto lote hili?" akasema Fundi.

"Samahani, mama. Maneno haya hayatakiwi kusikika na mtu. Mtu akiyasikia kabla, kipimo kimekufa. Sisi hata mazoezi tunafanyia chuoni, mlango umefungwa, na tunasoma maneno ya kujitungia. Kuyasoma haya nyumbani kwa sauti?" Akaisukuma miwani juu. "Hiyo ni kesi."

Fundi alitazama mlango wa chumba cha binti yake. Ulikuwa mlango mzuri, wenye kitasa kipya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimamia seremala akitia kile kitasa mwaka binti alipoanza chuo, ili mtoto asome kwa utulivu. Kilikuwa kinafunga vizuri sana.

"Umewahi kupimwa kwa kipimo hiki, mama, au kuyasikia maneno yake?"

"Sijawahi," akasema Fundi.

"Vizuri. Yako mafungu mawili, mimi nimepangiwa la pili. Nitakusomea maneno kumi na mawili. Nikimaliza, utayarudia yote unayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote." Na akaanza. Treni. Embe. Pete. Moshi.

Fundi alijaribu kumvalisha mtu. Alishika treni aiweke shingoni, lakini alipokuwa anatafuta pa kuitundika, embe na pete zilikwisha kupita, na moshi ulipotajwa akaiona meza yake imetoboka, akasahau yupo wapi. Maneno mengine yalimpita kama watu wasiomjua. Ilikuwa zamu yake.

"Treni," akasema. "Moshi. Embe..."

Na hapo ndipo walipokuja wale wengine. Walikuja wote, wamejipanga, wamenyooka, bila kuitwa: ngazi, chumvi, sungura, daraja. Yalimjaa mdomoni mpaka kwenye meno. Ndiyo maneno pekee aliyokuwa nayo, na angetaja hata moja tu, sungura tu, msichana huyu mwenye akili angejua fungu la kwanza limesikika katika nyumba hii, na angejua limetoka kwa nani. Mwaka mzima. Takwimu zote zile, kulia kote kule. Fundi akakaza midomo.

"Usiwe na haraka, mama," alisema Miwani. "Lolote linalokujia."

"Hakuna linalokuja," akasema Fundi.

Alisomewa tena, akapata manne. Akasomewa tena, akapata manne, na moja alilitaja mara mbili. Akachora saa, akahesabu kinyumenyume. Baadaye, alipoulizwa mara ya mwisho, hata treni ilikuwa imeshaondoka. Alikaa na mikono mapajani, jitu lake la zamani limesimama mbele yake limevaa kila kitu, naye analiambia kimoyomoyo, nenda, nenda, usiniletee balaa. Machozi yalikuwa karibu. Miwani alikuwa ameinamia karatasi yake. Alipoinua uso, ulikuwa mkavu, hauna ndiyo wala hapana, na safari hii Fundi aliusoma bila taabu.

"Asante sana, mama. Umeniokoa."

"Sihitaji kuuliza alama zangu."

Miwani alifunga mkoba. Akafungua dirisha, akafungua mlango, akafika kizingitini, akageuka.

"Mama, hapa unaishi na nani?"

"Na binti yangu."

"Vizuri," alisema msichana. "Vizuri kabisa." Akaondoka.

Kitindamimba aliporudi jioni alimkuta mama yake kwenye cherehani, uzi umetungwa, mguu hauko kwenye kanyagio.

"Miwani alikuwa hapa," akasema Fundi. "Alikosa mtu wa kumpima. Amenipima mimi."

Binti alikaa hapo hapo alipokuwa, juu ya sare za watu. "Mama. Ulitaja yale maneno?"

"Yalikuja yote. Nikayameza."

Kitindamimba akajifunika uso kwa viganja.

"Kwa ajili ya chuo ulimpima mama mdogo wa Miwani. Mimi ulinipimia nani?"

"Kaka."

"Na mlango wako una kitasa. Mbona kila jioni ulikuwa wazi?"

Nje kuna mtu alipita anapiga mluzi, akatokomea.

"Nilijua unasikiliza," alisema binti hatimaye, kutoka nyuma ya viganja. "Nilikisikia kiti chako kinavyokuja ukutani. Ulipokuwa bado hujayashika, nilikuwa nasoma pole pole zaidi."

"Ulijua mwenyewe sitaweza."

Kitindamimba angeweza kusema hapana. Fundi alimsubiri aseme, alitamani aseme, hata kwa uongo. Binti akasema, "Nililiona shati, mama."

Basi kila kitu kilikuwa wazi. Huyu mtoto alikuwa ameinua vitambaa vyote, akaiona ile mikono miwili ya kushoto, akairudisha chini kabisa kama ilivyokuwa, akaenda kuiba kipimo cha chuo ili amfundishe mama yake kudanganya. Fundi alipandwa na hasira, kisha aibu, kisha hofu ikazimeza zote mbili.

"Wangekufutia mwaka! Miaka mitatu unakonda humu ndani, uje uitupe kwa ajili ya cherehani?"

"Si kwa ajili ya cherehani." Binti alikuwa analia sasa waziwazi. "Kaka angekuchukua. Ungekaa pale sebuleni kwake unatazama ukuta. Mimi nimesoma hayo, mama. Mtu anayesahau ukimtoa kwenye kazi yake, anasahau haraka zaidi."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo, anayesahau, lilitamkwa katika nyumba ile. Lilikaa katikati yao, na hakuna aliyelikanusha. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema Fundi moyoni, na sisi tulikuwa tumeyaficha wawili, kila mmoja akimficha mwenzake. Akamtazama mtoto wake, mjanja, mwongo, mwenye macho mekundu, akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema. "Mpigie kaka yako."

Aliongea naye mwenyewe. Alimwambia kwamba siku ile umeme haukukatika. Pasi aliisahau yeye. Na yale majibu mazuri, alisema, aliyakariri kwa kusikiliza ukutani; mdogo wake hana habari. Uongo huo mmoja aliubakiza, kwa sababu hauna mwingine wa kuubeba isipokuwa yeye, na kwa sababu shahada ya mtu haichezewi. Kifunguamimba akasema watakwenda hospitali, wote watatu, na sauti yake ilikuwa ya yule mvulana wa zamani aliyeogopa giza.

Walikwenda. Daktari alisema ni mwanzo. Alisema mambo mengine pia, akayarudia bila kuombwa, na Fundi alilishika hilo la mwanzo akaliweka shingoni, mahali pa ngazi.

Na mwisho wa mwezi pikapu ilikuja kweli. Kifunguamimba aliingia chumba cha mbele akasimama mbele ya cherehani, na Fundi alikuwa ameilalia kwa mikono yote miwili, hatoki. Kitindamimba alikuwa amesimama kati yao. Alieleza alichokuwa amekipanga: vipimo atachukua yeye, ataviandika, na wakati wa kukata atasimama pembeni. Kushona mama atashona mwenyewe, maana mikono yake haikusahau, daktari mwenyewe aliiona. Kaka alisikiliza yote. Alimtazama mama yake, akautazama ule mguu uliokuwa umeshakaa kwenye kanyagio bila mwenyewe kujua. Halafu akainama, akaichomoa pasi kwenye soketi, akazungusha waya wake vizuri, akaibana kwapani.

"Hii naondoka nayo," akasema. "Nguo zitapigwa pasi kwa dobi."

"Na pikapu uliyokuja nayo?"

"Itabeba pasi."

Walicheka, wote watatu, kicheko kirefu, chenye meno yote.

Kitindamimba alihitimu. Joho alilovaa lilikuwa la kukodi, na Fundi aliligeuza ndani nje mbele ya wageni, akatangaza kwamba aliyelishona alikuwa na haraka. Miwani naye alihitimu, akaja kumwamkia, akamshika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa jioni, baada ya kula, binti hukaa chumbani kwake na vipimo vya wateja wa siku hiyo. Mlango huwa wazi kabisa. Fundi huwa kwenye cherehani, kiti amekisogeza ukutani.

"Mteja wa kwanza, yule mwalimu," husoma kitindamimba. "Shingo, kumi na tano na nusu. Bega, kumi na saba. Kifua, arobaini. Mkono wa kulia, ishirini na nne. Mkono wa kushoto, ishirini na nne."

Fundi hurudia, akimvalisha mwalimu pole pole, shingo, bega, kifua. Mlio wa cherehani hupanda na kushuka. Kisha huwa kimya kidogo upande ule, na sauti huanza tena, ya upole, kutoka mwanzo: mteja wa kwanza, yule mwalimu. Fundi hakuwahi kuuliza hiyo ilikuwa mara ya ngapi.